Muziki wa darasani huanzia sikioni

Muuza kahawa wa mtaani kwetu Likoni hapazi sauti kutangaza biashara. Dele liko mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili vikombe viwili vidogo vinagongana: ti-ti ta, ti-ti ta. Watoto humfuata nyuma wakiuiga mdundo huo kwa vijiwe, kwa ndala, kwa vifuniko vya soda. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto wa miaka 5 anaushika barabara na kuuendeleza mpaka mwisho wa kichochoro. Halafu mtoto huyohuyo anaanza shule, na katika somo lake la kwanza la muziki anachorewa mistari 5 ubaoni, anaambiwa ainakili daftarini na kuandika majina ya nota chini yake. Anatoka hapo akiamini kwamba muziki ni kitu kigumu cha watu wengine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma upande huu wa kivuko. Nafundisha masomo kadhaa kama walimu wenzangu wote, lakini muziki ndio uliokaa moyoni. Ninaloamini nalisema wazi hata kwenye mikutano ya wazazi: mtoto mdogo afundishwe muziki kwa sikio, kwa mdomo na kwa mwili kwanza, karatasi ifuate baadaye. Na afundishwe kila mtoto aliyemo darasani, si wale wachache tu waliochaguliwa kuingia kwaya.

Somo lenyewe limepita mapito mengi hapa Kenya. Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, muziki ulitahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, pamoja na sanaa na ufundi. Watoto walikariri majina ya ala na thamani za nota ili wachague jibu sahihi kati ya manne, na wengi walipata alama nzuri bila kuimba hata mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani huo ukaondolewa, na kilichofuata kila mwalimu anakijua: kipindi cha muziki kilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini darasani ilikuwa hesabu. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019 muziki ulirudi, na sasa umeunganishwa na uchoraji, ufundi na michezo katika somo moja. Kuna walimu wanaolalamika kwamba umemezwa. Mimi naona afadhali. Mtoto wa miaka 7 akicheza hatenganishi wimbo na mwendo, wala hajali ni kipindi cha nini. Kinachonisumbua ni kwamba wengi tunaotakiwa kulifundisha somo hili tulisomea hesabu na lugha. Mwalimu asiyeamini sauti yake mwenyewe hukimbilia ubao na chaki.

Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Watoto ni zaidi ya 60, na madawati yamebanana hivi kwamba kutembea katikati yake ni shida. Siku isipokuwa na mvua tunatoka nje chini ya mwarobaini. Kazi ya kwanza ni kutembea. Napiga ngoma taratibu, nao wanakanyaga kila pigo. Nikiharakisha wanaharakisha, nikisimama ghafla wanasimama, na anayekanyaga baada ya ngoma kunyamaza anacheka mwenyewe na kuendelea. Mtu akipita anaweza kudhani tunapoteza wakati. Kumbe hapo mtoto anajenga kitu ambacho muziki mwingine wote unakikalia, yaani mapigo yasiyoyumba. Nimewaona watu wazima wenye sauti tamu kwenye kwaya wakishindwa na hilo kwa sababu hawakukanyaga vya kutosha walipokuwa wadogo.

Mapigo yakishakaa miguuni, tunaweka mdundo juu yake. Hapa chakula kinanisaidia sana. Ndizi ni mbili katika pigo moja: ndi-zi. Pilipili ni nne: pi-li-pi-li. Muhogo ni tatu, na utatu wake una mwendo wa kuzunguka, mwendo uleule wa chakacha ambao watoto wa Pwani wameuona arusini tangu wakiwa wamebebwa migongoni. Miguu inaendelea kukanyaga pigo, mikono inapiga makofi ya chakula. Ndizi, ndizi, pilipili, ndizi. Nikiligawa darasa mara mbili, nusu wakipiga ndizi na nusu pilipili, wanasikia wenyewe kwamba vitu viwili tofauti vinaweza kukaa pamoja bila kugombana. Wiki chache baadaye ndipo ninapochora ubaoni vijiti viwili vilivyounganishwa juu na kuuliza hiki ni nini. Wote wanajibu: ndizi! Wamesoma nota, wala hawajui kwamba wamesoma. Majina rasmi nitawapa wakifika madarasa ya juu.

Kwenye kuimba ndiko watoto wengi wanakoumizwa, na mara nyingi anayewaumiza ni mtu mzima mwenye nia njema. Mtoto wa miaka 6 au 7 anaimba kwa raha ndani ya eneo dogo, sauti 5 au 6 hivi, kuanzia re iliyo karibu na do ya katikati ya piano na kwenda juu hadi la. Mwalimu wa kike aliyechoka huanzisha wimbo chini ya hapo, kwa sauti ya mazungumzo, na watoto hawafiki. Mwalimu wa kiume kama mimi tatizo lake ni kubwa zaidi, maana sauti yangu ya kawaida iko ngazi nane chini ya sauti zao. Baadhi ya watoto husikia ni wimbo uleule wakauimba mahali pao, lakini wengine hujitahidi kunifuata shimoni, na kinachotoka ni mngurumo. Dawa yake ni nyepesi. Ninaanzisha wimbo kwa sauti nyembamba ya juu, ile wanaume wanayoitumia wakiigiza bibi. Au namwomba msichana mwenye sauti ya wazi aanzishe. Au napuliza filimbi kisha nanyamaza. Pia nawaomba wasipige kelele. Kuna shule ambazo kuimba vizuri maana yake ni kuimba kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo itokeze. Koo la mtoto ni laini, na sauti iliyolazimishwa hivyo kila asubuhi inakwaruza hata wakati wa kuzungumza.

Kisha kuna wale wanaoitwa watoto wasio na sauti. Mama mmoja alinijia siku ya wazazi, tukasalimiana, akanionyesha mwanawe wa Gredi ya 2. "Mwalimu, huyu usijisumbue naye. Kwao wote hawajui kuimba, babake ndiyo kabisa." Kijana mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, akiangalia viatu vyake. Nikamwambia, "Mama, niachie tu. Huyu hajakosa sauti, hajaiona bado." Darasani aliimba kila wimbo kwa sauti moja, ya chini, kama anayesoma. Wenzake walimziba mdomo.

Mtoto wa namna hii kwa kawaida anatumia sauti ya kuzungumza kwa sababu hajagundua kwamba koo lake linaweza kupanda. Kwa hiyo nyimbo tuliziacha kando kwanza. Tuliigiza honi ya feri, nzito na ndefu. Tuliigiza ambulensi inayopanda na kushuka. Tuliigiza bundi. Kijana yule akiigiza ambulensi alifika juu kuliko nusu ya darasa, na wenzake wakageuka kumtazama. Basi kumbe sauti ipo. Siku nyingine nikamwambia atoe sauti yoyote, ile inayomjia, aishikilie. Akaitoa. Nikawaambia wengine 60 waitafute sauti yake, waiimbe yeye akiwa ndiye kiongozi. Darasa zima likakaa juu ya sauti moja pamoja naye, na kwa mara ya kwanza alisikia jinsi inavyokuwa sauti yako ikipotea ndani ya nyingine zinazofanana nayo. Uso wake ulibadilika. Kutoka hapo tulipanda ngazi moja, tukarudi, tukapanda tena. Ilichukua muhula mzima na zaidi kabla hajaweza kuimba wimbo mfupi bila kuanguka, na hata leo akichoka anarudi chini. Lakini anaimba. Kwa maoni yangu, mwalimu anayemwambia mtoto wa miaka 7 afumbue tu mdomo asitoe sauti, ili asiharibu wimbo, anafunga mlango ambao mtu huyo huenda asiufungue tena maisha yake yote. Nimekutana na wazee wanaosema "mimi siimbi," na ukiwauliza wanakutajia darasa walilokuwa.

Wakati mwingine sababu iko ndani ya sikio lenyewe. Mtoto anayetazama mikono ya wenzake kabla ya kupiga kofi, anayechelewa kidogo kila mara, anayegeuza upande mmoja wa kichwa ukimwita, huyo simpi zoezi lingine. Namwita mzazi na kumwomba ampeleke zahanati akapimwe. Usaha wa sikio ni ugonjwa wa kawaida kwa watoto wadogo, na ukikaa bila tiba unapunguza usikivu. Kipindi cha hesabu kinaweza kuuficha mwaka mzima. Cha muziki hakiufichi.

Watu huuliza nilikotoa mambo ya do, re, mi na ishara za mikono, kana kwamba ni uchawi wa makanisani. Mwanamke wa Norwich, Uingereza, aliyeitwa Sarah Glover, ndiye aliyebuni njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi za solfa badala ya kuwaanzishia kwenye mistari. Katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaichukua, akaikarabati na kuieneza, baadaye akaongeza ishara za mikono. Wamisionari wakaibeba mpaka Afrika, ikapata makao kwa sababu haihitaji kinanda wala karatasi ya mistari: kipande cha chaki kinatosha. Mwaka 1897, karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule ya misheni aliyeitwa Enoch Sontonga alitunga wimbo kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi wake. Nyimbo zake aliziandika kwa solfa katika daftari la mazoezi. Tuni ya wimbo ule leo ni ya taifa la Tanzania, ni ya Zambia, na ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini. Nawaeleza hivyo watoto wa Gredi ya 5 wanaponiuliza solfa ni ya nini.

Aliyeifanya solfa na ishara zake za mikono kuwa msingi wa shule nzima ni mtunzi wa Hungaria, Zoltán Kodály, aliyezaliwa mwaka 1882 katika mji wa Kecskemét. Alichoshikilia ni kwamba mtoto aanze na nyimbo za nyumbani kwao, aimbe kila siku, na asome nota za kile ambacho sikio lake linakijua tayari. Mwaka 1950 shule ya msingi ya kuimba ilifunguliwa katika mji huohuo wa Kecskemét, watoto wakisoma masomo yote ya kawaida na kuimba kila siku, na nchi nyingi zikaja kujifunza kwake.

Darasani mambo ni mepesi kuliko historia yake. Ngumi iliyofumbwa mbele ya tumbo ni do, yenye uzito wa msingi wa nyumba. Kiganja kilicholala sawasawa ni mi. Kiganja kilichosimama kuelekea kifua ni so. La ni mkono unaoning'inia kutoka kwenye kifundo, na ti ni kidole cha shahada kinachonyooshwa juu. Mimi sianzi na do. Naanza na so na mi, kwa sababu hizo mbili ndizo watoto wanazotaniana nazo na wanazoitana nazo uwanjani, na ndizo Kodály naye alizoanza nazo. Ninasimama mbele bila kusema neno, mkono unasimama, unalala, unasimama tena, nao wanaimba ninachoonyesha. Mtoto wa Gredi ya 1 anayesoma mkono wangu anasoma muziki kamili. Jambo linalonifurahisha kuliko yote ni kumwachia mmoja wao aje mbele aongoze. Watoto 60 wanafuata mkono wa mtoto wa miaka 6, na anapogundua kwamba akiupandisha wote wanapanda, huwa hataki kurudi kwenye dawati.

Kuhusu nyimbo za kufundishia sina mjadala: zianze za hapa. Vitabu vingi vya zamani vilijaa nyimbo za theluji na kondoo wa Ulaya, na watoto waliziimba bila kujua wanachosema. Mchezo wa ukuti peke yake una duara, una kwenda pamoja, una kuitikia, na mwisho una kuanguka kwa wakati mmoja. Hilo ni somo zima. Nawapa kazi ya kufanya nyumbani: kila mtoto aje na wimbo mmoja wa kumbembelezea mtoto, aupate kwa nyanya au shangazi. Wanaleta za Kidigo, Kigiriama, Kiduruma, Kikamba, Kiluo, za Kibajuni kutoka visiwa vya Lamu. Mkusanyiko huo unashinda kitabu chochote nilichowahi kununua.

Na hapo ndipo ninapowaambia habari ya wimbo wa taifa. Wanauimba bendera ikipandishwa Jumatatu na Ijumaa, na wengi wanadhani ulishuka kutoka Nairobi. Tuni yake ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwenye wimbo ambao akina mama waliwaimbia watoto wao. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, kikundi cha wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, kilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa jipya, nao wakautengeneza juu ya tuni hiyo. Darasani kwangu amewahi kuwapo mtoto wa Kipokomo. Siku hiyo alikaa wima kipindi kizima.

Pwani kuna jambo lingine ambalo mwalimu lazima alishike kwa adabu. Wako wazazi Waislamu wasiopenda watoto wao wafundishwe ala, na wana haki ya kusikilizwa. Alipokuja mzee mmoja kunieleza hivyo, nilimwamkia, nikamketisha, nikamweleza kinachofanyika darasani: kuimba kwa pamoja, kupiga makofi, kusikiliza. Nilimwuliza kuhusu dufu na kasida za maulidi. Tulikubaliana kwamba mjukuu wake ataimba na kupiga dufu, na zile ala nyingine atakaa nazo mbali. Hakuna kilichoharibika. Tena watoto waliozoea kusoma Qurani chuoni kila jioni huniletea darasani kitu cha thamani: wanajua kusikiliza sentensi ndefu mara moja na kuirudisha ilivyo, na wanajua kutunza pumzi.

Gredi ya 4 ndipo rikoda inapoingia, na ndipo wazazi wengi wanapoliona somo kwa mara ya kwanza, kwa sababu wanaambiwa wanunue na kwa sababu kelele zinahamia nyumbani. Mzazi mwenzangu, kabla ya kulipa dukani igeuze nyuma, karibu na tundu la kidole gumba. Huwa kuna herufi ndogo, G au B. G ni rikoda ya vidole vya Kijerumani, B ni ya Baroki. Tofauti yake inajitokeza kwenye fa. Kwenye ya Kijerumani unaziba matundu 4 ya mbele mfululizo, basi. Kwenye ya Baroki lazima uongeze vidole viwili chini zaidi. Ya Kijerumani inaonekana rahisi kwa siku hiyo, lakini sauti nyingine zinazokuja baadaye hazikai sawa, ndiyo maana mimi nashauri ya Baroki. Watoto wakileta mchanganyiko, tunafika kwenye fa na darasa zima linavurugika.

Mkono wa kushoto ukae juu. Watoto wengi, hasa wanaotumia mkono wa kulia, hutanguliza wa kulia na kuja kukwama wakihitaji kidole kidogo kule chini. Sauti za kuanzia ni tatu tu, B, A na G. Kidole gumba nyuma na kimoja mbele, kisha viwili, kisha vitatu. Kwa sauti hizo tatu tunaweza kukaa wiki kadhaa tukitunga vipande vyetu wenyewe. Kinachowashinda ni pumzi. Mtoto anapuliza kana kwamba anawasha jiko la makaa, rikoda inapiga ukelele. Namwambia atamke "tu" kwa ncha ya ulimi, polepole, pumzi iwe ya joto na ndogo. Akihisi joto hafifu la pumzi yake kwenye kiganja, kiasi hicho kinatosha. Na kila mmoja apulize yake. Kuazimana rikoda ni kuambukizana mafua darasa zima.

Mtoto asiye na uwezo wa kununua simfukuzi. Kuna kayamba ya matete na mbegu ngumu, ambayo fundi wa Kwale au Kilifi anaiunganisha vizuri, na vijana wa madarasa ya juu wamejifunza kuitengeneza. Kuna mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia inayotoa mlio mzito kuliko ngoma nyingine za dukani. Na mwaka huu naomba shule imwalike mzee wa Kidigo apulize chivoti mbele ya watoto, ile filimbi inayoshikwa kwa ubavu, ili wanaohangaika na plastiki ya rikoda waone kwamba kupuliza matundu sita ni ufundi wa babu zao.

Wazazi wengine huniuliza kama muziki utampandishia mtoto alama za hesabu. Wamesikia kwamba muziki wa Mozart unaongeza akili. Uvumi huo ulianza na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto. Walisikiliza tu, hawakufundishwa chochote. Na mafanikio yao katika zoezi moja la maumbo yalidumu dakika 10 hadi 15. Hata hivyo gavana wa Georgia nchini Marekani, Zell Miller, aliomba fedha mwaka 1998 ili kila mtoto mchanga wa jimbo lake apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Mimi simwuzii mzazi ahadi ya namna hii. Ninachokiona darasani nakisema: mtoto anayekata maneno kwa makofi hapati tabu kubwa kutambua silabi akisoma, na mtoto anayeimba kwa kupokezana hujifunza kungoja zamu yake. Lakini hata kama lisingekuwapo hilo, bado ningefundisha. Hatumwulizi mtoto anayejifunza kuchora kama itamsaidia kwenye jiografia.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na nalipenda. Limewapa watoto wa vijijini jukwaa la taifa, limehifadhi ngoma ambazo zingekwisha kusahaulika, na mashairi ya kukariri ya Kiswahili yamekua ndani yake. Shida yangu ni na tunavyolitumia shuleni. Ikifika muhula wa pili mwalimu anachagua watoto 40 wenye sauti, anawafungia ukumbini kila alasiri, na waliobaki mamia wanafagia uwanja au wanakaa darasani bila mwalimu. Kombe likija linawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na shule inaitwa shule ya muziki. Mimi nadhani shule ya muziki ni ile ambayo ukimwita mtoto yeyote aliyepita uwanjani, atakuimbia wimbo mfupi kutoka mwanzo mpaka mwisho na atakupigia mapigo yake. Kwetu tumeanza kufanya hivi: wimbo wa tamasha unafundishwa kwanza kwa madarasa yote, kwaya inachaguliwa mwishoni, na wasiochaguliwa wanaujua wimbo vilevile. Siku ya maonyesho ya nyumbani shule nzima inaitikia. Walimu wenzangu walihofia kwamba kwaya itadhoofika. Haikudhoofika, maana sauti zilizojificha zilijitokeza katika ule mwezi wa kuimba wote.

Kifaa tunachokipenda kuliko vyote hakikununuliwa. Ni chupa 8 za soda, zile za kioo, zimepangwa juu ya benchi lililotandikwa gunia. Tunazijaza maji kwa viwango tofauti na kuzigonga kwa kijiti. Chupa yenye maji mengi inatoa sauti ya chini, yenye maji machache sauti ya juu. Ukizipuliza mdomoni badala ya kuzigonga mambo yanageuka kinyume, yenye maji mengi ndiyo inayopanda, na Gredi ya 6 hutumia kipindi kizima cha sayansi kubishana kwa nini. Kuzipanga ziwe do mpaka do ya juu ni kazi ya watoto wenyewe. Mmoja anashika bilauri ya maji, mmoja anagonga, wengine wanaimba ngazi na kuamua.

Mwezi wa Machi joto la Mombasa linakausha maji, na ngazi yetu inahama. Tuliporudi kutoka likizo ya Aprili msichana wa Gredi ya 3 aligonga chupa ya sita, akagonga tena, akanitazama kwa kukunja uso. "Mwalimu, la imepanda." Mwenzake akasema la iko sawa, so ndiyo iliyoshuka. Hakukuwa na kinanda cha kuwaamulia, nami nikanyamaza. Waliimba ngazi kuanzia chini, mara ya kwanza wakagombana, mara ya pili wakakubaliana, wakachukua bilauri wakaongeza maji kidogo kwenye la. Kisha wakaanza kuikagua ti.